Kutoka Takataka hadi Dhahabu: Vifaa na Vyambo Kumi vya Kuwindia Swala Nairobi Bila Kumuua

Tuelewane kabla hujaanza kubishana. Kule Marekani, msimu wa kuwinda kulungu ni sikukuu yenye maduka yake. Mtu anaingia kununua risasi tu, anatoka na kiti cha kufunga juu ya mti, filimbi ya kuigiza mlio wa dume, jaketi la madoadoa na kichupa cha mkojo. Ndiyo, mkojo. Tutaufikia.

Sisi wa Nairobi tuna matatizo mawili. La kwanza, Kenya haina kulungu wa jamii hiyo, yule mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Tulicho nacho ni swala na binamu zake wengi: pala, tomi, granti, kongoni, pofu, pongo, digidigi. Hawa pembe wakishazipata wanazo hadi siku ya kufa. La pili, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, Mzee Jomo Kenyatta akiwa Ikulu, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe nayo ikafungiwa.

Kwa hiyo "kuwinda" katika orodha hii ni kumwona mnyama vizuri, kumpiga picha, na kumwacha aendelee kula. Uwanja wetu unaanzia katikati ya jiji, kwenye kununua, na kuishia Lang'ata, Karen na Ngong Road, kwenye kutumia. Nimepanga kutoka takataka hadi dhahabu. Jaji ni mimi, alama ni juu ya kumi, rufaa hazipokelewi, matusi yanapokelewa.

10. Jaketi la kombati

Pita Toi Market asubuhi ya kufungua beli mpya na utaliona linaning'inia: kijani, kahawia, zipu nzima, mifuko minane, bei ya kukuharibu akili. Liache hapo hapo. Nchini Kenya raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa, na karao wa Dagoretti Corner hana muda wa kusikiliza kwamba unafuata digidigi. Utajificha vizuri sana. Ndani ya seli.

Cha kuchekesha ni kwamba swala hajali rangi hizo. Macho yetu yana aina tatu za seli za kupambanua rangi. Wanyama wa kwato wana mbili. Rangi ya chungwa na ya kijani kwao zinakaribiana sana. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani humlazimisha mwindaji avae kizibao cha chungwa kali ili wenzake wasimtwange risasi, na kulungu anapita tu. Kwa hesabu hiyo, mwanabodaboda wa Ngong Road na refleka yake ya chungwa ameiva kwa windo kuliko komando yeyote. Rangi wanayoiona vizuri mno ni buluu. Jinzi zako mpya ndizo zinazopiga kelele.

Hukumu: kombati sifuri, refleka saba. Anayeruhusiwa kubisha ni mwanajeshi peke yake.

9. Droni

Inapaa, inarekodi, inakupa fahari mbele ya mashemeji. Lakini kuirusha juu ya mbuga bila kibali ni marufuku, na Wilson Airport iko ng'ambo tu ya ua, ndege ndogo za kwenda Mara zikipaa na kutua mchana kutwa. Fikiria pia upande wa swala: mtoto wa tomi huinua kichwa kutazama angani kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ni tai. Umelipa maelfu ya shilingi ili uwe tai anayelia zzzz.

Hukumu: moja. Hiyo moja ni ya betri.

8. Kichupa cha mkojo

Haya, tumefika. Marekani kuna watu wanaofuga kulungu ili kukinga mkojo wa majike, kuutia chupani na kuwauzia wawindaji. Msimu wa kupandana ukiwadia, unanyunyiza kidogo majanini, dume anakuja mbio akidhani ameitwa. Baadhi ya majimbo yamekataza kabisa biashara hiyo, kwa hofu ya ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wafe na ambao vimelea vyake, protini zilizopinda, hupatikana hata kwenye mkojo.

Umecheka? Punguza. Sisi tuna wetu. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha wadudu kilichoko Kasarani, walibuni kule Nguruman mtego wa mbung'o uitwao NGU. Ni kitambaa cha buluu na cheusi, na chambo chake ni asetoni pamoja na mkojo wa ng'ombe. Mbung'o ananusa, anadhani amepata mlo, anaingia, habari yake inaishia hapo. Baadaye wakageuza mchezo. Walikuta kuwa mbung'o wanamkwepa kuro, yule swala mkubwa mwenye manyoya marefu na matako meupe, kwa sababu ya harufu yake. Wakaitengeneza harufu hiyo maabara, wakaitia kwenye kola, wakamvisha ng'ombe.

Sasa pima mwenyewe. Mmoja amenunua harufu ili mnyama aje apigwe risasi. Mwingine amemvika ng'ombe harufu ya kuro ili mdudu mwenye kiu ya damu apite njia nyingine. Nani kati yao alisoma?

Kwa windo letu, hata hivyo, kichupa hakifui dafu. Mkojo wa kulungu wa Pennsylvania haumwambii lolote swala wa Lang'ata, hawajawahi kutambulishwa.

Hukumu: mbili. Na uwe na maelezo tayari siku watu wa forodha wa JKIA watakapofungua begi lako.

7. Marashi ya kujaziwa

Kwenye eksibisheni za katikati ya jiji unaweza kuingia na chupa tupu na kutoka unanukia meneja wa benki. Je, yanafaa porini? Yanafaa, ila kwa mnyama asiye wako. Bustani ya wanyama ya Bronx, New York, iliwahi kuwajaribia duma wake marashi ya kila namna, na yaliyowashika muda mrefu zaidi yalikuwa Obsession for Men ya Calvin Klein. Watafiti wa jaguar huko Guatemala wakayachukua na kuyapaka mbele ya kamera zao za porini. Jaguar wakafika, wakanusa, wakajisugua, wakapigwa picha.

Unaona shida iko wapi. Karen na Lang'ata kuna chui. Wewe umetoka kutafuta swala ukiwa umejipulizia kitu ambacho paka wakubwa wanakipenda kiasi cha kujisugua juu yake.

Hukumu: kwa swala, sifuri. Kwa chui, tisa. Kwa mke wako akiuliza umetoka wapi, Mungu akusimamie.

6. Mbwa wa Uskoti, na aliyewashinda

Karen Blixen aliishi chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931, akilima kahawa iliyokataa kumtajirisha. Alikuja na mbwa wa Uskoti, warefu, manyoya ya kijivu yaliyosimama, uzao uliochaguliwa karne kwa karne kwa kazi moja: kumkimbiza kulungu. Fikiria balaa la mbwa hao. Wamefuzu, wana ukoo, wana miguu, wamefika nchi isiyo na kulungu hata mmoja. Wahitimu wengi wanaozunguka na bahasha pale Moi Avenue wanaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Kisha akaja aliyewavua cheo. Katika kitabu cha Blixen cha mwaka 1937 kuhusu shamba lake kuna mtoto wa pongo, jike, ambaye watoto wa Kikuyu walikuwa wakimuuza kando ya barabara. Akaletwa nyumbani, akalelewa kwa chupa ya maziwa, akapewa jina Lulu na kengele ya shingoni. Alipokua akaitawala nyumba. Mbwa wale wale, wauaji wa kulungu kwa kuzaliwa, wakawa wanampisha. Mwishowe akarudi msituni, akapata mume, lakini hakukata mguu: alikuwa akija kuzunguka nyumba alfajiri, na mtoto wake nyuma.

Kwa hiyo, katika historia nzima ya viunga vya magharibi, mtu aliyefanikiwa kumsogeza pongo mpaka kizingitini hakutumia mbwa wala baruti. Alitumia maziwa. Usijaribu leo lakini. Kufuga mnyamapori bila leseni ni kosa. Ukiokota mtoto wa swala, wapigie KWS, wale wa huduma za wanyamapori, kabla hujamtafutia jina.

Hukumu: mbwa alama tatu, maziwa saba. Mbwa wana haki ya kukata rufaa Edinburgh.

5. Simu, kamera au darubini?

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Kila gari linaloingia Mbuga ya Nairobi lina mtu mmoja anayeapa kuwa simu yake inazuumu mara mia. Inazuumu, sikatai. Ila ukivuta kwa vidole, baada ya hatua fulani simu haikusogezi tena kwa swala, inapanua tu kile ambacho haikukiona. Utarudi nyumbani na picha ya kitu cha kahawia. Kundi la familia la WhatsApp litapiga kura: mbuzi 4, swala 3, gunia 2.

Kamera yenye lenzi ya milimita 400 inamaliza ubishi huo na akiba yako kwa mkupuo mmoja. Ukiitaka ya mkono wa pili mjini, igeuze, iwashe, piga picha ya ukuta mweupe. Madoa yakijitokeza mahali pale pale kila picha, ni uchafu au ukungu, na bei ishuke au wewe uondoke.

Mimi kura yangu ni darubini. Usidanganywe na ile iliyoandikwa namba kubwa. Ukiona 8x42, ile 8 ni mara ngapi inakuza, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mlango wa kuingizia mwanga. Ya 20x inatetemeka mkononi hadi swala mmoja anakuwa watatu. Ukiikuta kwenye mitumba, fanya hivi: ielekeze kwenye kibao chenye maandishi upande wa pili wa barabara, tazama kwa macho yote mawili, kisha ziba na kuzibua kioo kimoja kimoja kwa kiganja. Kama picha mbili zinakataa kuungana kuwa moja, ilianguka zamani na muuzaji anajua. Halafu igeuze utazame kwa mbele ukiwa juani. Nyuzi nyuzi nyeupe ndani ya kioo ni ukungu umeota, na huo hautoki kwa kitambaa.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hiyo ni ya jeshi la Ujerumani." Zote ni za jeshi la Ujerumani. Jeshi hilo sijui lilibaki na nini.

Hukumu: darubini nane, kamera saba na nusu, simu nne. Tuma hasira zako.

4. Jiwe la chumvi

Chambo cha heshima. Wanyama wala majani hukosa chumvi ya kutosha kwenye mlo wao, hivyo ukiiweka wanakuja, hakuna uchawi. Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti Aberdare mwaka 1932, ilisimama kwa hesabu hiyo: dimbwi la maji chini, chumvi kando yake, wageni juu wakinong'ona. Ndiko alikokuwa Elizabeth wa Uingereza Februari 1952 baba yake alipofariki na yeye akawa malkia. Pale mtini alikuwepo pia Jim Corbett, mwindaji maarufu wa chui milia wala watu wa India, aliyekuwa amestaafu Nyeri. Mzee wa bunduki akawa anatazama tu vifaru wakilamba.

Linganisha na Theodore Roosevelt. Alipofika mwaka 1909 akitokea Ikulu ya Marekani, msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, vitabu vyake vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, na tani nne za chumvi. Si za kumvutia mnyama yeyote. Zilikuwa za kuhifadhia ngozi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na bado alipata muda wa kusoma.

Jiwe la kulamba la ng'ombe linapatikana kwenye agroveti yoyote, kuanzia Dagoretti hadi Karen. Ukiwa na shamba linalopakana na msitu, pongo atakuja jioni. Ukishamkaribisha chumvi, lakini, atahesabu waridi kuwa ni mboga ya kuteremshia. Nyuma yake atakuja ngiri kulima nyasi zako bila kuombwa, na nyuma ya ngiri rejea namba 7. Ndani ya mbuga usithubutu kuweka chochote.

Na kama bado unabisha kuwa chambo hakifanyi kazi jijini, nenda Giraffe Centre, Lang'ata, iliyofunguliwa kwa umma 1983. Punje chache za chakula kwenye kiganja na mnyama mrefu kuliko wote duniani anakuinamia. Hakuna waziri aliyewahi kuinamiwa hivyo kwa gharama hiyo.

Hukumu: sita. Ingekuwa nane, lakini wenye waridi wamelalamika.

3. Mfuko wa maharagwe

Wapiga picha wa wanyama duniani kote wanautumia, na maduka ya ng'ambo yanauuza kwa bei ya kutia aibu. Nenda kwa fundi wa cherehani Kawangware, mwambie akushonee mfuko wa kitambaa kizito wenye ukubwa wa mto mdogo, na zipu upande mmoja. Nunua kilo mbili za rosecoco, jaza, usishindilie. Uweke juu ya dirisha la gari lililoshushwa nusu na ulaze lenzi juu yake. Maharagwe yanasogea, yanaukumbatia mwili wa kamera, mtetemo unakwisha. Ile stendi ya miguu mitatu uliyokopea pesa haina pa kusimama ndani ya Vitz.

Wapo wanaojaza mchele. Mchele unakuwa mgumu mno. Wapo wanaojaza ndengu. Hao siwajui na sitaki kuwajua.

Jioni unafungua zipu, unachemsha mahindi, unapata githeri. Nitajie kifaa kingine cha kuwindia ambacho kisipokupa picha kinakupa chakula cha usiku.

Hukumu: tisa kavu. Inapungua moja siku mvua ikinyesha na maharagwe yakaanza kuota.

Kabla ya mbili bora: majivu kwenye soksi

Hiki hakina namba kwa sababu hakina bei. Wawindaji wa zamani walibeba kimfuko cha majivu. Unakitikisa, vumbi linakuonyesha harufu yako inaelekea wapi. Soksi iliyopoteza mwenzake inatosha.

Sasa shika kichwa. Upepo wa Nairobi sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki. Asubuhi jua nalo liko mashariki. Mpiga picha anataka jua mgongoni, mwindaji anataka upepo usoni. Asubuhi lazima mmoja wao anune. Jioni jua likiwa magharibi, mambo yanajipanga yenyewe: jua mgongoni, upepo usoni, swala katikati. Nyinyi wa "tuamke saa kumi alfajiri tuwahi geti", nawasikiliza. Leteni hoja, si matongotongo.

2. Gari (lolote)

Swala haogopi gari kama anavyoogopa umbo la mtu aliyesimama kwa miguu miwili. Ukiwa ndani, injini imezimwa, mkono haupungi, atakutupia jicho na kurudi kwenye nyasi. Fungua mlango, weka mguu chini, na utabaki ukipiga picha ya mikia. Isitoshe kutoka nje mbugani kunaruhusiwa sehemu maalumu tu, na simba wa Nairobi hawana ratiba ya kutangaza.

Gari gani? Wenye Land Cruiser watasema Land Cruiser, wamelipia haki ya kusema. Lakini kiangazi Probox inafika kote wanakofika, na inafika na crate mbili za soda nyuma. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa tambarare za mbugani unageuka gundi, na hapo kila mtu ni sawa mbele ya trekta.

Huna gari? Panda 125 au 126 ya Rongai pale Railways. Ile nganya itakupitisha Lang'ata Road kando ya ua wa mbuga, besi ikitikisa meno, na swala wa upande huo hawashtuki tena. Wamesikia kila wimbo uliotoka mwaka huu na pengine wana maoni.

Na kama Mmarekani atakuringia kiti chake cha kufunga juu ya mti, mwonyeshe reli ya SGR ya kwenda Naivasha, iliyozinduliwa 2019. Inapita juu ya mbuga kwa daraja la takriban kilomita 6, nguzo ndefu, twiga wakipita chini. Hicho ndicho kiti cha juu ya mti cha bei ghali kuliko vyote alivyowahi kukalia mwindaji, na bado tunakilipia wote, hata asiyependa swala.

Hukumu: tisa na nusu. Nusu iliyobaki imekwama kwenye foleni ya Lang'ata Road.

1. Mavi ya ng'ombe

Usifunge ukurasa. Nina ushahidi.

Mfugaji anawatoa ng'ombe na mbuzi asubuhi, wanakula huku na huko mchana kutwa, jioni anawarudisha bomani. Wanalala, wanaachia mzigo. Kila usiku rutuba ya eneo kubwa inakusanywa kwenye duara moja dogo. Baada ya miaka kadhaa familia inahama, miiba inaoza, na pale palipokuwa boma panaota nyasi fupi, laini, zenye madini kuliko zote za jirani. Swala wanaziona, wanakuja, wanakula, nao wanaachia mzigo wao. Rutuba haiondoki. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu maboma ya kale huko Narok: mengine yana umri wa takriban miaka 3,000, na bado ni mabaka ya kijani yanayoonekana kwenye picha za setilaiti, na bado wanyama wanayafuata.

Nyasi fupi zina faida ya pili. Simba hana pa kulala akisubiri. Swala hupenda kula mahali anapoweza kuona mgeni akiwa mbali, ndiyo maana nyasi za mbugani zikirefuka sana msimu wa mvua wengi hutoka kwenda kusini, kwenye malisho ya Wamaasai upande wa Kitengela. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba huko dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasiuze, wasichimbe machimbo. Yaani walilipwa kuendelea kuwa na ng'ombe na nafasi.

Kwa hiyo ukiingia mbugani na darubini yako ya jeshi la Ujerumani, acha kutafuta swala. Tafuta baka la nyasi fupi, paki mbali kidogo, zima injini. Na safari ijayo ukame ukiwafukuza wafugaji hadi mjini, ng'ombe wakala nyasi ukingoni mwa barabara pale Karen na wewe ukapiga honi kwa kuchelewa kazini, punguza jazba. Wanakutegeshea chambo, bure, na risiti hawataki.

Hukumu: kumi juu ya kumi. Anayebisha alete kichupa chake tukizike Narok, tuonane baada ya miaka 3,000.